Jina, Rangi na Kiunganifu: Uhakiki wa Lugha ya Maandishi ya Kiswahili Juu ya Magonjwa ya Vipele

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya afya, yaani vijitabu vya zahanati, mabango ya chanjo, maelezo ya redioni na sura za magonjwa katika vitabu vya shule, hayahesabiwi kuwa fasihi, na kwa sababu hiyo huachwa yapite bila kuhojiwa. Hata hivyo, maandishi hayo husomwa au husikizwa na watu wengi kuliko diwani yoyote ya mashairi. Msomaji wa shairi akipotoshwa na sitiari mbovu hupungukiwa na ladha. Mama akipotoshwa na jina la ugonjwa aweza kumpoteza mwana. Yafaa basi maandishi haya yapimwe kwa mizani ile ile ipimayo kazi nyingine za lugha: je, neno lililochaguliwa labeba maana iliyokusudiwa? Je, mpangilio wa sentensi wamwongoza msomaji au wamwacha njia panda? Je, picha iliyochorwa ni ya mwili wa msomaji, au ni ya mwili wa mtu mwingine?

Makala haya yanachunguza kundi moja tu la magonjwa, nalo ni yale ya virusi yanayowatoa watoto vipele: surua, tetekuwanga na rubela, pamoja na ndui ambayo imekwisha kutoweka duniani lakini jina lake lingali likitumika. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na majina barabara ya magonjwa haya kabla ya vijitabu vya kisasa kuandikwa, na kwamba kasoro zilizomo katika vijitabu hivyo zatokana zaidi na mazoea ya kufasiri kutoka Kiingereza kuliko na upungufu wowote wa lugha yenyewe.

Majina yaliyotungwa na macho

Ndui, surua na tetekuwanga ni majina matatu ya magonjwa matatu, na kila mojawapo ni neno kamili linalosimama peke yake. Hakuna lililoundwa kwa kulitegemea jenziwe. Anayesema “surua” hajasema aina ya ndui, wala anayesema “tetekuwanga” hajasema surua ndogo. Jambo hili huonekana dogo mpaka litazamwe katika historia ya utabibu wa mataifa mengine.

Tabibu wa Kiajemi, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwa Kiarabu risala mashuhuri juu ya judari na hasba, yaani ndui na surua. Sifa kubwa ya risala hiyo ni kule kutenganisha. Al-Razi alieleza kwamba maumivu ya mgongo yahusu ndui zaidi, na kwamba kichefuchefu na fadhaa huzidi kwa mwenye surua. Hakuwa na darubini wala hakujua habari za virusi. Alikuwa na macho yake, masikio yake na maneno mawili ya Kiarabu. Huko Ulaya kazi ya kutenganisha iliendelea kwa karne nyingi. Thomas Sydenham wa London aliieleza surua kwa makini katika karne ya 17, na mwaka 1767 William Heberden alibainisha kwamba tetekuwanga si ndui hafifu, ni ugonjwa wa namna yake. Hata hivyo istilahi za Ulaya hazikutulia. Neno la Kilatini lililotumiwa na baadhi ya matabibu wa Kiingereza kwa surua, rubeola, ndilo hilo hilo Wafaransa walilolipa ugonjwa mwingine, rubela. Ilifika hatua matabibu wakachoka kutafuta majina, wakaamua kuyahesabu magonjwa ya vipele kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa sita. Mpaka leo uko ugonjwa wa watoto ambao kwa Kiingereza huitwa “ugonjwa wa tano”, kana kwamba lugha ilikuwa imekwisha.

Mbele ya historia hiyo, msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuona haya kwa majina yake. Ni majina yaliyotungwa na macho ya wauguzaji, yaani mama, nyanya na wakunga, na kazi yake ni kutenganisha yanayofanana.

Thamani ya kutenganisha ilidhihirika katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, kaskazini ya Barawa ambako husemwa Chimwiini. Mwezi wa Oktoba 1977 Ali Maow Maalin, kijana aliyekuwa mpishi wa hospitali mjini humo, alishikwa na homa. Kwanza alidhaniwa kuwa ana malaria. Vipele vilipomtokea, ikasemwa ni tetekuwanga. Mwisho wa mwezi ikathibitishwa kuwa ni ndui, naye akaingia katika historia kuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Kati ya tetekuwanga iliyodhaniwa na ndui iliyothibitishwa kulikuwa na tofauti ambazo jicho lililofunzwa laweza kuziona: vipele vya ndui huwa vya rika moja, hujaa usoni, mikononi na miguuni, hata viganjani na nyayoni, vya tetekuwanga huja kwa mafungu, hujaa kiwiliwilini, na lengelenge jipya huonekana kando ya kigaga kikavu. Kosa lililotokea Merca lilisahihishwa kwa sababu watu walikuwa na majina mawili na waliweza kuuliza: ni hii au ni ile? Pasipo na majina mawili swali hilo haliulizwi.

Rangi ya kuazima

Kasoro ya kwanza ya maandishi ya afya imo katika maelezo ya dalili. Msemo ulioenea ni kwamba mgonjwa wa surua “hutokwa na vipele vyekundu”. Msemo huu umerudiwa mara nyingi hata umekuwa kama fasili. Lakini ni uekundu juu ya ngozi ya nani?

Majina mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya rangi hiyo. Wafaransa huiita surua rougeole, jina lenye uekundu ndani yake, na neno rubella, lililopendekezwa na tabibu Henry Veale mwaka 1866, latokana na Kilatini kwa maana ya kiekundu kidogo. Ni sawa kwao, kwa kuwa juu ya ngozi nyeupe vipele hivyo huwaka. Juu ya ngozi nyeusi uekundu huo hufifia au hauonekani kabisa. Kinachoonekana ni ngozi iliyofanya mabaka ya weusi uliozidi, na kinachohisika kwa kiganja ni ukavu na mkwaruzo. David Morley, daktari wa watoto aliyefanya kazi Ilesha, katika nchi ya Wayoruba huko Nigeria, alieleza jinsi surua kali ilivyoifanya ngozi ya watoto iwe nyeusi zaidi na kisha kubambuka. Mama aliyesoma kijitabu na kuambiwa atafute vipele vyekundu aweza kumtazama mwanawe, asivione, akatulia.

Kinachostahili kuangaliwa na mhakiki ni kwamba hakuna hata jina moja kati ya ndui, surua na tetekuwanga lenye neno la rangi ndani yake. Rangi iliingia kwa mlango wa tafsiri. Mwandishi alikuwa na kitabu cha Kiingereza mbele yake, akaigeuza sentensi neno kwa neno, na katika kuigeuza akahamisha pia ngozi ya mgonjwa wa kitabuni. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi, ila yamweleza mtoto ambaye hayumo nyumbani mwa msomaji.

Maelezo yafaayo yangeanza na mambo yaonekanayo kwa kila mtoto: homa kali, kikohozi, mafua, na macho yanayotoa machozi na kuchukia mwanga. Hapo ndipo uekundu ungewekwa mahali pake, maana macho ya mwenye surua huwa mekundu kwelikweli, awe mtoto wa Kisumu au wa Stockholm. Ndani ya shavu, siku moja au mbili kabla ya vipele, hutokea vidoa vyeupe mfano wa punje za chumvi, ambavyo Henry Koplik wa New York alivieleza mwaka 1896. Kisha vipele huanzia nyuma ya masikio na mpakani mwa nywele, vikashuka usoni, kiwiliwilini na miguuni. Huo mwendo wa kushuka ndio alama, na Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuueleza: kuanzia, kushuka, kuenea, kufifia, kubambuka. Maelezo ya mwendo huona zaidi ya maelezo ya rangi.

Kitenzi “kutoka”

Husemwa kwamba vipele “hutoka”, au kwamba mtoto “ametokwa na” vipele. Kitenzi hiki kina nadharia ya utabibu ndani yake: ugonjwa umo ndani, na kipele ni njia ya kutokea. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yamekuwapo mawazo yanayolingana na kitenzi hicho, kwamba vipele vya surua sharti visaidiwe kutoka, na kwamba vikizuiliwa hurudi ndani na kuua. Waandishi wa afya wameyakemea mawazo hayo kuwa ni ujinga mtupu, kwa sababu yaliwafanya baadhi ya wazazi waikwepe sindano au wachelewe kwenda hospitali.

Kukemea peke yake hakutoshi, wala hakuna haki. Kwanza, nadharia yenyewe si ya kijiji kimoja. Al-Razi naye alifikiri kwamba damu ya mtoto huchemka kama maji ya zabibu yanayogeuka kuwa mvinyo, na kwamba vipele ni matokeo ya mchemko huo. Pili, ndani ya kosa mna chembe ya ukweli. Sayansi ya leo yaeleza kwamba vipele vya surua hutokea wakati chembe za kinga za mwili zinapopambana na virusi ngozini. Mtoto ambaye kinga yake imedhoofika mno aweza kupatwa na surua asitoe vipele hata kimoja, akafa kwa nimonia. Basi wazee waliomwogopa mtoto asiyetoka vipele hawakukosea katika kuona, walikosea katika dawa. Mwandishi mwenye busara angelikubali waliloliona, kisha aseme: ndiyo, mtoto asiyetoka vipele yumo hatarini, na kwa sababu hiyo hiyo apelekwe hospitali upesi; sindano haivirudishi vipele ndani. Sentensi ya namna hiyo humheshimu msomaji, na msomaji anayeheshimiwa husadiki.

Hatari ya kiunganifu

Kasoro iliyo kubwa kupita zote ni ya kisarufi. Katika Kiswahili kiunganifu cha -a kina kazi nyingi, lakini kinapounganisha jina la kitu na sifa ya kukipambanua, kawaida yake ni kutaja aina. Mchele wa basmati ni mchele. Chumvi ya mawe ni chumvi. Kitangulizi ni jamii, kifuatacho ni aina. Sasa, baadhi ya maandishi ya afya yameita rubela “surua ya Kijerumani”. Kwa sheria ya lugha, msomaji hana budi kuelewa kwamba rubela ni aina ya surua, kama vile chumvi ya mawe ni chumvi. Naye akielewa hivyo amekosea, ingawa ameisoma sentensi vizuri. Virusi vya surua na virusi vya rubela ni vya jamii mbalimbali, na kinga ya kimoja haimkingi mtu na kingine.

Matokeo yake si ya darasani. Mama ambaye mtoto wake aliugua rubela, akaambiwa ni surua ya Kijerumani, aweza kujibu kwa dhati kliniki: huyu amekwisha kuugua surua. Anajua, kama wajuavyo watu wote, kwamba surua haimpati mtu mara mbili. Hoja yake ni kamilifu. Dosari imo katika jina alilopewa. Lugha imemfundisha kosa, kisha atalaumiwa kwa kutojua.

Kivumishi nacho ni cha kuazima. Waingereza waliliita gonjwa hilo la Kijerumani kwa kuwa lilielezwa mapema na matabibu wa Kijerumani katika karne ya 18. Wajerumani wenyewe huliita Röteln, bila kulitaja taifa lao. Hivyo Kiswahili kilibebeshwa kumbukumbu ya mazungumzo ya Waingereza juu ya Wajerumani, mzigo usiomfaa mkulima wa Kakamega wala mvuvi wa Lamu.

Ubora wa jina linalojitegemea wadhihirika katika tukio la Australia. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, alitoa taarifa juu ya watoto wachanga 78 waliozaliwa na mtoto wa jicho. Alipowahoji mama zao aligundua kwamba wengi mno, 68 kati yao, walikuwa wameugua rubela katika ujauzito, hasa mwanzoni mwake, wakati wa mlipuko wa mwaka 1940. Ugonjwa ambao matabibu waliudharau kwa wepesi wake ulikuwa ukiwapofusha watoto tumboni, na baadaye ikajulikana kuwa huwafanya pia viziwi na kuwadhuru moyo. Ugunduzi huo ulitegemea kitu kimoja: mama hao waliikumbuka homa ile ndogo na vipele vyake vya siku tatu, na walikuwa na jina la kuitajia. Jina lao la Kiingereza lilikuwa bovu, lakini katika masikio ya Waingereza lilikuwa limekwisha kuganda kuwa jina la ugonjwa mmoja. Lau wangalikuwa na neno moja tu kwa kila kipele, daktari angalisikia “niliugua vipele”, na neno hilo lisingalimwonyesha kitu. Mlipuko wa Marekani wa miaka ya 1964 na 1965 ulileta watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara ya rubela. Chanjo ikaidhinishwa huko mwaka 1969.

Kwa hiyo hatua iliyochukuliwa na Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016, ya kuingiza chanjo inayokinga magonjwa hayo mawili kwa pamoja, ilikuwa pia hatua ya kiistilahi. Jina la chanjo, “surua-rubela”, limeyaweka majina mawili sambamba, kila moja kwa utimilifu wake, wala hakuna lililo mtumwa wa jenziwe. Kistari kimefanya kwa haki kile ambacho kiunganifu kilikifanya kwa dhuluma. Neno rubela ni la kigeni, lakini limevaa vazi la Kiswahili na linatamkika bila taabu. Wale wanaolipinga kwa sababu ya ugeni wake, na kulipendelea “surua ya Kijerumani” kwa kuwa maneno yake ni ya nyumbani, wanachagua sauti na kuacha maana.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Ugonjwa uitwao sasa mpox, uliogunduliwa mara ya kwanza miongoni mwa nyani wa maabara huko Copenhagen mwaka 1958, na kwa binadamu mwaka 1970 kwa mtoto mchanga katika nchi iliyoitwa baadaye Zaire, umepewa kwa Kiswahili jina la “ndui ya nyani”. Hapa hukumu lazima iwe ya wastani. Kitangulizi hakina uongo mwingi, maana virusi vyake ni ndugu wa virusi vya ndui, na chanjo ya ndui hukinga kwa kiasi dhidi yake. Kosa limo katika kifuatacho. Nyani hawadhaniwi kuwa makao makuu ya virusi hivyo. Wanyama wagugunaji kama panya na kindi ndio wanaotiliwa shaka zaidi. Tena, katika mlipuko uliotambuliwa mwaka 2023 huko Kamituga, Kivu ya Kusini, katika nchi ya Wakongo wasemao Kiswahili, ugonjwa ulipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mwezi wa Julai 2024 ulithibitishwa nchini Kenya, katika mpaka wa Taita Taveta. Anayeambiwa “ya nyani” atamtazama nyani juu ya mti, na hatari imeketi naye kitandani. Shirika la Afya Duniani lilibadili jina la Kiingereza mwezi wa Novemba 2022 kwa sababu ya kebehi na ubaguzi uliofuatana nalo. Jina la Kiswahili lingestahili mabadiliko hayo hata kama pasingalikuwa na kebehi yoyote, kwa sababu ya upotovu wa maana peke yake.

Yaweza kujibiwa kwamba Kiswahili kina majina mengi ya magonjwa yenye kiunganifu ambayo hayamdanganyi mtu. Mtoto wa jicho si mtoto. Mkanda wa jeshi si mkanda wala hauna askari. Jibu hilo lina nguvu, lakini likichunguzwa laithibitisha hoja. Hakuna asadikiye kwamba ndani ya jicho mna mtoto; umbali kati ya mtoto na ugonjwa ni mkubwa hata akili yatambua mara moja kuwa hiyo ni sitiari. Surua na rubela haziko mbali hivyo. Zote ni magonjwa, zote zina homa, zote zina vipele, zote huwapata watoto. Pasipo na umbali hapana sitiari, na msomaji huchukua maneno kama yalivyo.

Na haki yadai isemwe kwamba macho nayo hukosea. Mkanda wa jeshi na tetekuwanga, majina mawili mazuri yasiyohusiana, ni kazi ya kirusi kimoja. Mtu akiisha kupona tetekuwanga utotoni, kirusi hujificha katika mishipa ya fahamu, na baada ya miaka mingi chaweza kuzuka upya katika umbo la ukanda upande mmoja wa mwili. Hapa macho yamegawanya kilicho kimoja, kama ambavyo “surua ya Kijerumani” imeunganisha vilivyo viwili. Lakini makosa haya mawili hayana uzito sawa. Aliyeyagawa majina bado aweza kufundishwa uhusiano wake kwa sentensi moja, na majina yakabaki na kazi yake. Aliyeyaunganisha hana budi kwanza kuvunja alichokijenga.

“Magonjwa ya watoto”

Kiunganifu hicho hicho chaleta kasoro ya mwisho, katika msemo “magonjwa ya watoto”. Umezoeleka hata wapita bila kuonekana. Waashiria kwamba surua ni mali ya utoto, kama kuota meno, na kwamba kila mtoto hana budi kuipitia na kuipita. Kwa mambo yalivyo, surua huonekana kuwa ya watoto pale tu inapokuwapo siku zote, kwa maana watu wazima wote wamekwisha kuugua. Katika visiwa vya Faroe ugonjwa haukuwapo kwa miaka 65. Ulipoingia mwaka 1846 uliwapata zaidi ya watu 6,000 katika idadi ya watu wapatao 7,800, vijana kwa wakubwa. Daktari wa Kidenmark, Peter Panum, aliona kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuugua tena. Katika visiwa vya Fiji mwaka 1875 surua iliyofika kwa meli inakadiriwa kuwaua watu 40,000 wa kila umri. Utoto, basi, si sifa ya ugonjwa. Ni umri ambao ugonjwa humkuta mtu asiye na kinga.

Msemo huo pia hufupisha hadithi. Husemwa “surua imepita” vipele vinapofifia. Kumbe surua ikipita huacha mlango wazi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto walioiugua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anayekufa kwa nimonia au kuhara miezi kadhaa baadaye huandikwa katika safu nyingine, na nyumbani hulilliwa kwa jina jingine. Maandishi ya afya yanayomalizia maelezo yake kwa kufifia kwa vipele yamekoma kabla ya hadithi kukoma.

Hitimisho

Uchunguzi huu waonyesha kwamba waandishi wa afya hawana haja ya kutunga lugha mpya. Yawapasa kuitumia iliyopo kwa uangalifu. Majina ndui, surua na tetekuwanga yahifadhiwe, na rubela ikubaliwe kuwa la nne lenye hadhi sawa. “Surua ya Kijerumani” ifutwe katika vitabu vitakavyochapishwa upya. Katika maelezo ya dalili, rangi iachiwe macho na kinywa, na ngozi ielezwe kwa mwendo wa vipele na kwa mguso. Maarifa ya wauguzaji wa nyumbani yajibiwe kwa hoja. “Magonjwa ya watoto” yaandikwe, inapowezekana, kuwa magonjwa yawapatayo watoto, na mja mzito atajwe katika ukurasa huo huo, kwa kuwa rubela ya mtoto wa jirani ni hatari kwa kilichomo tumboni mwake.

Kwa ratiba ya Kenya, mtoto huchanjwa surua-rubela afikapo miezi 9, na tena afikapo miezi 18. Kati ya siku hizo mbili mama huulizwa maswali na muuguzi, naye hujibu kwa maneno aliyofundishwa na bango, redio na kijitabu. Ubora wa maneno hayo ni jukumu la waliosomea lugha kama ulivyo jukumu la waliosomea tiba, na mpaka sasa wenye lugha wamewaachia wenzao kazi yote.